Simu Ilizima Nimeshasema Ndiyo

Mliponiacha wiki jana, nilikuwa nimemkataa Wilbert hadharani.

Kwa ambaye hakuwepo: mie naitwa Vaileth. Ni msusi, nasukia barazani kwenye nyumba ninayopanga huku Temeke. Shule nimeishia darasa la saba. Wilbert ni muuza mbao, mtu mzima, ana mke Makambako na bado alinitaka. Nilimwambia hapana mbele ya wateja wangu. Hakukasirika. Alicheka tu, akasema, "Wewe endelea kusuka, mama. Mie nitaongea na wakubwa zako."

Sikumjali, maana moyo wangu ulishakaa kwa Brightson, fundi friji wa Tegeta. Brightson alishaongea na wazee wake waende kwetu Lupembe, kule Njombe, wakapose. Siku ikapangwa, Jumamosi.

Na niliwaambia pia kuwa dada yake Wilbert alikuja nikamsuka kutwa nzima, huku akinidodosa mdogo mdogo. Kwenu wapi? Kwa mzee gani? Wageni wako wanaenda lini? Nikamjibu yote. Mikono ilikuwa kwenye nywele, akili iko harusini.

Sasa isikieni Jumamosi yenyewe.

Kwetu posa haipokelewi mpaka msichana aulizwe, naye ajibu kwa mdomo wake, wazee wakimsikia. Baba yangu ni marehemu, kwa hiyo wa kuniuliza ni Baba Mkubwa Lusungu. Nilimwomba nisisafiri, kwa sababu nilishachukua kazi ya kumsuka dada mmoja mwenye sendoff Jumapili.

Baba Mkubwa alinung'unika wee, mwisho akalegea. "Tutakuuliza kwa simu. Lakini hiyo simu iwe hewani, Vaileth. Nisije nikaaibika mbele za watu kwa ajili ya kimashine."

"Itakuwa hewani, baba."

"Na jina la mtu wako hatutalitaja. Mila unaijua."

"Naijua, baba."

Kweli naijua. Jina la mwoaji halitajwi siku hiyo mpaka chakula kiliwe. Wanaitwa wageni, basi. Mwoaji mwenyewe haruhusiwi kumwona msichana wala kusikika kwao. Na wageni wakishakula, neno limefungwa. Kulifungua tena ni aibu ya ukoo mzima, watoto wako watakuja kusimuliwa.

Ishu ilikuwa simu.

Simu yangu ni moja na ndiyo kila kitu. Ndiyo saa ya kuniamsha, ndiyo tochi ya kwendea chooni, ndiyo redio ya ibada, ndiyo pochi. Mteja akitaka mtindo namfungulia picha. Nikimaliza nampiga picha kisogoni nimwonyeshe alivyotoka, maana vioo viwili sina. Na betri imezeeka, mgongo wa simu umevimba kama andazi. Asubuhi inajaa, mchana inaanza kulia.

Nikaamka Jumamosi, umeme hakuna. Siyo mtaa mzima, sie tu. Uniti zimeisha.

Nyumba yetu wapangaji wote tuko kwenye mita moja, na zamu ya kununua LUKU ilikuwa yangu. Nikanunua hapo hapo kitandani, namba zikaingia kwenye simu. Lakini kile kidude cha kubonyezea namba anakaa nacho Mama Anwar, mama mwenye nyumba. Na Mama Anwar alishatoka alfajiri kwenda msibani, mlangoni kwake kufuli.

Nikatazama chaji. Sitini na kitu. Nikasema hii itanifikisha.

Mara Felicitas huyo, yule wa sendoff, kashika mfuko wa rasta.

"Dada Vai, nifungulie ile mitindo."

"Simu yako iko wapi?"

"Kioo kimepasuka, naona nusu nusu. Si unayo wewe?"

Akachagua mtindo. Akabadilisha. Akachagua mwingine, akarudi kwenye ule wa kwanza. Nikaanza kusuka, nikajua sasa atanirudishia simu. Wapi! Akafungua tamthilia.

"Felicitas, leo naposwa. Nasubiri simu ya nyumbani."

"Jamani, hongera! Basi naangalia taratibu."

"Tamthilia inaangaliwaje taratibu?"

"Napunguza sauti."

Wateja waliokuwa kwenye mkeka wakaangua kicheko. Mie mikono imejaa rasta, mafuta mpaka kwenye viwiko. Ningemnyang'anya? Mtu wa sendoff ana mashoga, na kila shoga ana kichwa cha kusukwa. Nikamwacha.

Nikawa nachungulia juu ya utosi wake. Arobaini. Naunga rasta. Ishirini na tisa. Mume wa kwenye tamthilia anaaga kuwa anaenda kazini, kumbe anaenda kwa mwanamke. Kumi na nane.

"Nipe basi, Felicitas."

"Subiri kidogo, anataka kumfumania."

Akamfumania. Kumi na moja.

Walipoanza kuombana msamaha ndipo akaniwekea simu mapajani, akashusha pumzi. "Wanaume si watu, dada Vai. Huyo wako lakini unamjua vizuri?"

"Namjua."

Nikaizima data, nikapunguza mwanga, nikaiacha pale mapajani nisiiguse. Haikusaidia. Betri mbovu inakwenda hata ukiitazama. Ilipofika asilimia nne, ikaita. Baba Mkubwa.

Nikapokea kwa kiwiko, maana vidole vilikuwa mafuta matupu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ongea kwa sauti, spika iko wazi, wazee wote wapo." Nyuma yake watu wanakohoa, wanawake wanaitana, jogoo anafukuzwa anapiga kelele. "Vaileth, kuna wageni hapa wamebisha hodi. Wamewahi kweli, hata chai hatujanywa. Wanasema wewe unawajua. Unawajua?"

"Nawajua, baba."

"Tuupokee mkono wao?"

Simu ikalia, ti, ti. Kioo kikafifia.

Hapa naomba mnielewe vizuri. Msichana wa kwetu hajibu swali hilo mara ya kwanza. Anakaa kimya. Ndipo mzee anamuuliza mara ya pili, na ile mara ya pili ndiyo anataja wageni wametokea upande gani. Nimefundishwa hivyo na shangazi zangu tangu sijavunja ungo. Nyamaza, mwanangu, usikurupuke.

Lakini ile ti, ti ilinitia kiwewe. Niliona nikisubiri swali la pili, itakata kabla sijajibu, na Baba Mkubwa ataaibika na kimashine chake.

Nikapayuka. "Pokeeni, baba! Pokeeni!"

Kule wakacheka, kina mama wakapiga vigelegele. Nikamsikia Baba Mkubwa anasema, "Huyu binti ana haraka huyu," kisha simu ikazima.

Felicitas naye akapiga kigelegele mpaka jirani akachungulia. Mie nikajifuta macho kwa bega, nikaendelea kusuka. Sijawahi kusuka mistari iliyonyooka kama ile.

Mama Anwar akarudi msibani, katota jasho.

"Vaileth! Feni haizunguki! LUKU si zamu yako?"

"Shikamoo mama. Nimeshanunua."

"Marahaba. Haya nipe namba niingize."

"Zimo kwenye simu."

"Nipe simu."

"Imezima."

"Ichaji."

Tukatazamana.

"Yaani umeme umo ndani ya simu," Mama Anwar akasema polepole, "na simu inataka umeme."

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu, wewe hata Mungu akitaka kukusaidia itabidi aje na jenereta."

Baraza zima likacheka. Mie ndiye niliyecheka kuliko wote. Nilikuwa mchumba wa mtu, simu ni nini?

Bado tunacheka, Brightson akatokea. Anatembea nusu anakimbia.

"Vai, simu yako ina nini? Nakupigia tangu saa ngapi, hupatikani!"

Nikavuta kanga nikajifunika uso. "Umefuata nini wewe? Leo si siku ya kuonana! Hebu nenda. Wazee wameshapokewa, nimeshasema ndiyo."

"Wazee gani?"

"Wazee wako."

Brightson akasimama. "Wazee wangu wako Mafinga. Gari limepasua rejeta, wako kwa fundi. Ndiyo maana nimekuja, nikwambie uwapigie nyumbani wasubiri."

Rasta ikanidondoka.

Nikaisikia upya ile simu yote. Wamewahi kweli. Hata chai hatujanywa. Mtu wa kutoka Dar atafikaje Lupembe kabla ya chai? Anayewahi chai ya Lupembe ni yule aliyelala jirani. Na Makambako ni jirani.

"Wilbert," nikasema.

"Yule wa mbao? Si ulisema ulimkataa?"

"Nilimkataa huku. Nimemkubali kule."

Hakuna aliyecheka tena. Felicitas akashika kichwa chake, upande umesukwa, upande umesimama kama mtu aliyeona jini. "Jamani, mie nilipunguza sauti."

Mama Anwar ni mtu wa pwani, mila zetu hazijui, lakini posa ni posa. Akaniuliza jambo moja la maana. "Wameshakula?"

"Bado. Lazima wachinje kwanza. Nimesikia jogoo anafukuzwa."

"Jogoo wa kienyeji?"

"Wa kienyeji. Kama ni yule mwekundu, ni mzee."

"Basi haivi leo huyo. Kimbia ukachaji."

Nikakimbia na mafuta yangu ya nywele mikononi, Brightson nyuma, Mama Anwar na kanga yake nyuma, mpaka kwa Fakihi, fundi simu wa kona ya pili. Kibanda chake kina umeme wa duka la jirani. Simu za watu zimelala pale mezani zinachaji kama wagonjwa wa wodini.

Fakihi akachomeka yangu. Kikatokea kile kipicha cha betri tupu. Nikabonyeza kuiwasha, kikaja kipicha, kikapotea. Nikabonyeza tena.

"Sista, usiilazimishe. Betri ya namna hii ikikauka kabisa, lazima inywe kwanza ndiyo iwake."

"Inywe mpaka lini?"

"Mpaka iridhike."

Brightson akaninyooshea simu yake. "Chukua yangu. Piga."

Nikaishika. Nikaweka kidole. Kidole kikasimama hewani.

"Piga, Vai!"

"Nipige wapi? Sina namba kichwani."

"Ya Baba Mkubwa hujui?"

"Zote zimo mle. Hata ya mama yangu. Namba ninayoijua kwa kichwa ni moja tu, yangu mwenyewe."

Akaitazama simu yake, akanitazama mie. Nadhani naye alikuwa anajaribu kukumbuka ya mama yake.

"Kwani laini si inatoka?" akasema Mama Anwar, na kabla hatujajibu alishachomoa kifuani kitochi chake, kile kisimu cha vitufe. "Tia humu. Hiki nakichaji Ijumaa kwa Ijumaa. Wakikupigia, utapokea."

Likawa wazo. Nikachukua sindano yangu ya kushonea rasta, nikatoboa pale pembeni, laini ikatoka. Kadogo kama ukucha. Fakihi alikuwa ameinama anatafuta waya mwingine. Mama Anwar akaisukuma laini kwa kidole gumba.

"Mama, subiri!" Fakihi akainua kichwa. "Hiyo laini ndogo, hapo inatakiwa kubwa, itaza..."

Ikazama.

Mama Anwar akakitikisa kitochi. Kikalia kata, kata, kata.

"Imo," akasema.

"Najua imo, mama. Sasa itokeje?"

Fakihi akakipokea, akavuta bisibisi, akaguna. "Mlikuja na simu moja mbovu. Sasa mna mbili."

Nikakaa chini kwenye ndoo iliyogeuzwa. Kule Lupembe nilikuwa naiona kabisa sufuria jikoni, naona mvuke unainua mfuniko. Nikawa namwombea yule jogoo. Asiive. Mungu wangu, mfanye mgumu kama kandambili.

"Mshenga!" Brightson akaruka. "Mshenga wangu ana namba ya Baba Mkubwa!"

Mzee Gervas, mshenga, alipokea haraka. Nyuma yake nyundo zinalia, gari lingali kwa fundi. Brightson akamweleza, akarudia, akaeleza tena kwa kupiga kelele.

"Namba nitakupa," Mzee Gervas akasema, nasi sote tunasikia, "lakini binti ndiye aongee, mshenga hapigi simu kabla hajabisha hodi. Wewe usisikike. Mwoaji hasikiki ukweni leo, unanielewa? Hata chafya."

"Nimeelewa, mzee."

Akazitaja. Mama Anwar akaziandika kwa wanja kwenye mkono wake, maana kalamu haikuonekana. Nikamwambia Brightson, "Sogea kule. Kaa kimya."

"Nimesogea."

"Sogea zaidi."

Akasimama pembeni ya kibanda, kafunga mdomo kwa kiganja. Nikapiga. Ikaita, ikaita.

"Halo, nani mwenzangu?"

"Vaileth, baba. Shikamoo."

Na hapo, ndugu zangu, Brightson akaponzwa na malezi. Mtoto wa watu kafundishwa adabu, akisikia mkubwa anaamkiwa, na yeye mdomo unafunguka wenyewe. Akaachia kiganja, akapaza sauti kutoka kule kule: "Shikamoo mzee!"

Mama Anwar akafumba macho.

"Vaileth," Baba Mkubwa akasema. "Huyo aliyeniamkia ni nani?"

Sijawahi kumdanganya Baba Mkubwa. Yeye ndiye aliyenilea. Nikamwambia, "Ni Brightson, baba. Baba, nisikilize, wageni waliopo hapo sio. Wangu wamekwama Mafinga. Hao ni wa mtu anaitwa Wilbert, nilishamkataa..."

"Ulisema unawajua."

"Nilidhani ni wale wangu."

"Nilikuwa bado sijakuuliza mara ya pili. Kwa nini hukunyamaza kama ulivyofundishwa?"

"Simu ilikuwa inazima, baba."

"Simu," akasema. Alivyoitamka, ungedhani ni jina la mkwe mlevi.

"Sasa nisikilize na wewe. Asubuhi sauti yako ilitoka kwenye simu yako, ikasema pokeeni, wazee wote wakaisikia. Sasa hivi sauti yako inatoka kwenye simu ya mwanaume, inasema hapana. Na mwanaume mwenyewe yupo hapo, siku ambayo hatakiwi kuwepo. Wazee wataniuliza, binti anasema au anasemeshwa? Niwajibu nini?"

Hata mie ningekuwa mzee, ningeuliza hivyo hivyo.

"Nipigie kwa simu yako. Ukiwa huna mwanaume pembeni. Chakula nitakichelewesha, lakini nyama ishaanza kulainika, na hawa watu siwezi kuwalisha maneno."

Akakata.

Brightson akasogea, uso umemshuka. "Vai, nisamehe. Imenitoka tu."

"Nenda, Brightson. Kaa mbali."

"Mbali mpaka wapi?"

"Rudi Tegeta."

Akaenda. Alitembea hatua chache, akageuka, akafungua mdomo, akakumbuka ameambiwa asisikike. Akaondoka hivyo hivyo.

Mie nimezoea kusubiri. Kazi ya kusuka ni kusubiri, unaunga kamoja, unaunga kamoja, mpaka kichwa kiishe. Lakini unasubiri mikono inafanya kitu. Pale kwa Fakihi mikono yangu ilikuwa mitupu. Nilikitazama kile kipicha cha betri tupu kinakuja na kupotea. Nikageuka kumtazama Fakihi anavyofungua kitochi parafujo moja moja, nikarudi kwenye kipicha. Kila kitu changu kilikuwa mle ndani, mpaka mdomo wangu, na hakuna nilichoweza kufanya.

"Sista," Fakihi akasema, "usiitazame sana. Inaona haya."

"Ningekuwa na nguvu ningekucheka."

Parafujo ya mwisho ikatoka. Akaitoa laini kwa kibanio, akaipuliza, akaifuta kwa shati, akaipachika kwenye simu yangu. Akabonyeza. Kipicha kikaja. Hakikupotea. Simu ikatetemeka mezani, ikawaka.

"Imekunywa!" Mama Anwar akapiga makofi.

"Usiichomoe," Fakihi akanionya. "Ongea hivyo hivyo ikiwa kwenye waya."

Waya wenyewe mfupi kama kamba ya kiatu. Nikapiga magoti, nikalaza sikio juu ya meza ya fundi kama mtu anayesikiliza ukuta. Kabla sijapiga, ikaita yenyewe. Baba Mkubwa.

"Naona sasa unapatikana. Uko na nani?"

"Niko na mama mwenye nyumba na fundi simu, baba. Brightson ameondoka."

"Vizuri. Spika iko wazi. Wazee nimewaeleza. Wageni wamekasirika, na haki wanayo, wameitikiwa halafu wanaambiwa siyo. Lakini mshenga wao ametoa neno, na mimi nimelikubali kwa sababu ndiyo mila. Amesema tuachane na habari za sauti na simu, tuulizane habari ya kifungua mdomo."

Kifungua mdomo ni ile zawadi anayopewa msichana akishajibu. Zamani ilikuwa inatiwa mkononi mwa shangazi, shangazi anampelekea. Msichana akiipokea, kweli amekubali, na hairudishwi tena. Akiikataa, hata kama alisema ndiyo mara mia, hakuna posa, wageni wanasimama wanaaga.

"Kama hujapokea kifungua mdomo chao," Baba Mkubwa akaendelea, "wanaondoka, hatudaiani, hakuna kinyongo. Kama umepokea, wanakula. Haya sema, Vaileth. Na safari hii usiwe na haraka."

Ningewezaje kutokuwa na haraka? Niliona mlango umefunguliwa, na jua linaingia. Shangazi zangu wote wako Lupembe. Nani alinipa kitu mkononi? Hakuna.

"Sijapokea, baba! Sijapokea chochote cha mtu!"

Kule wakanong'ona. Kisha ikaja sauti ya mtu nisiyemjua, tulivu, ya mzee wa mjini. Mshenga wa Wilbert.

"Binti yetu aangalie simu yake."

"Wanasema walikurushia asubuhi," Baba Mkubwa akasema, na sauti yake haikuwa na furaha, "pale pale uliposema pokeeni. Shahidi wao ni simu, kwa hiyo angalia simu."

Nikainua sikio mezani, nikatazama. Ujumbe ulikuwa unaingia mmoja juu ya mwingine, wote uliokuwa umekwama siku nzima. Brightson. Brightson. Brightson. Wateja. Halafu wa hela, wa kwenye ile pochi ya simu. Neno la kwanza kabisa ni Umepokea. La mwisho ni jina la Wilbert, herufi kubwa.

Mama Anwar akausoma begani kwangu. Akanifinya mkono. "Sema haipo," akaninong'oneza. "Sema haijafika."

Lakini kule wao wanao ujumbe wa kwao, unaosema imefika. Na anayeuliza ni Baba Mkubwa, ambaye sijawahi kumdanganya.

"Imo, baba," nikasema. "Lakini sijaipokea mie."

"Nani aliyeipokea?"

"Simu."

"Saa ngapi?"

"Sijui, baba. Ilikuwa imezima."

Lupembe nzima ikacheka. Wazee walicheka, wageni walicheka, nikamsikia na shangazi yangu mmoja anacheka huku anakohoa. Hata Fakihi aligeuka pembeni mabega yakitikisika. Baba Mkubwa peke yake sikumsikia.

"Baba, nairudisha. Naomba. Naibonyeza sasa hivi, inarudi yote kama ilivyokuja."

Kisha sauti yake ikaenda mbali, ikageukia upande wa jikoni.

"Leteni maji," akasema. "Wageni wanawe."